Mzee Pekeshe na Kadi za Kupapasa

Baada ya miaka ishirini na saba na miezi tisa, Mzee Pekeshe Komora anavua aproni yake Jumamosi hii, tarehe 28 Desemba 1957. Aliingia hapa kwenye kiwanda cha chapa cha Bwana Chande, Garsen, mwezi wa Machi 1930, akitokea kwao Kulesa na koti la kuazima. Anayeandika maneno haya ya kumuaga ni mimi Diba, mzungusha mashine. Karani amekataa kuandika, eti ana huzuni. Huzuni hata mimi ninayo, ila mwandiko wangu unampita wake, na shule nimeiacha darasa la tatu.

Zamani chapa hii ilitoa risiti na matangazo ya mnada, basi. Mzee Pekeshe ndiye aliyeleta kadi ya arusi yenye nguo. Unamletea kipande cha vazi la bibi arusi. Analowesha karatasi nene, analaza kitambaa juu yake, mimi nakaza mashine mpaka mishipa ya shingo inanitoka. Kitambaa kikiinuliwa, kimeacha sura yake kwenye karatasi: lesi na matundu yake, tarizi na vivimbe vyake. Karatasi inakaushwa kwa bamba la moto, ndipo majina yanachapwa kwa wino wa dhahabu. Mombasa hawana kitu hicho, na wakisema wanacho ni waongo.

Huku kwetu wasiosoma ni wengi, lakini kadi ya Mzee haikumshinda mtu. Ikifika Minjila, kina mama walifumba macho, wakapitisha vidole, wakajua bibi arusi atatoka na nini. Nao wakachagua nguo zao wasije wakampita.

Vidole vyake mwenyewe vilikuwa balaa. Bwana Kavumbi wa dukani aliwahi kuleta hariri ya kuazima ili kadi za bintiye zing'are. Mzee aliipapasa mara moja, akamrudishia kwa adabu, akamwambia hii ni ya bibi arusi wa mwezi uliopita, mpelekee mwenyewe. Kavumbi mpaka leo akipita hapa anatazama upande wa mto.

Sasa niseme la mwezi wa Novemba, maana kila mtu analisema vibaya.

Ilikuwa arusi ya Kibibi binti Athman, wa Ozi, kadi mia na ishirini. Gauni lilitariziwa maua. Mzee alilaza kitambaa kwa mikono yake, na mimi nikaona mafundo na ncha za nyuzi, yaani upande wa ndani, ndizo zimeelekea karatasi. Niliona. Nikadhani ni mtindo mpya, na mimi mjuaji siulizi. Nikakaza mashine.

Wenye macho waliona maua tu, wakasifu. Kadi ikafika kwa Bi Mwanaarusi, nyanya yake Kibibi, ambaye haoni. Akaipapasa, akauliza, "Nani amemvisha mjukuu wangu gauni nje ndani?" Ozi nzima ikacheka. Kicheko kikapanda na mto, kikavuka na kivuko, kikaingia mpaka humu ndani.

Mzee hakucheka. Aliniambia nimwekee vitambaa sita mezani, akafumba macho. Lesi yenye matundu akaiita marekani, pamba tupu. Hariri akaishika, akauliza kama nimeweka kitu. Miaka yote hiyo alipima joto la bamba kwa ncha za vidole, na ncha zimekufa, ngumu kama kwato. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia amepata vyote, lakini alifumbua macho kabla sijasema.

Alikwenda mwenyewe kwa Bwana Chande kuomba kuacha kazi. Hakufukuzwa, wasitudanganye huko kivukoni.

Kadi za mwakani zimeshaagizwa Mombasa, za tayari, zina waridi la kuchorwa na ni laini kama ganda la yai. Nilimwomba Bwana Chande anipe nafasi ya kutengeneza zetu za nguo, nikajigamba sana. Nimeharibu karatasi thelathini na tisa. Mzee alinifundisha miaka mitano, na miaka yote mitano nilikuwa napiga soga.

Ya arobaini ndiyo jalada la karatasi hii unayosomewa leo, Mzee. Nimekandamiza aproni yako. Najua hutaihisi. Mpelekee Bi Mwanaarusi, maana tangu Novemba unaogopa kukanyaga Ozi, aipapase akwambie kama safari hii nimeweka upande wa nje. Akisema nimekosea, usinitumie habari.

Ahsante kwa kazi, na kwa kunivumilia. Sisi wa chapa tunakuombea mapumziko mema Kulesa, na afya, na mikono ipone. Ndoano ya aproni yako tumeiacha ukutani. Mimi sitatundika yangu hapo.