Mzee Muhidin Farouk na Kiwanja cha Baba Yake kule Magu

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Mzee Muhidin Farouk, dereva na mshika wanyama wa Kituo cha Huruma kwa Wanyama hapa Igombe, anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Kamati ya sherehe imenikabidhi mimi, Evelina Mayala wa mapokezi, kazi ya kuandika wasifu wake, eti kwa sababu ndimi ninayeongea kuliko wote. Haya. Wameyataka wenyewe.

Mzee Muhidin ni mzaliwa wa Mwanza mjini, mtoto wa ukoo wa washona ngozi. Baba yake, marehemu Mzee Farouk, alikuwa akinunua ngozi za ng'ombe na mbuzi kutoka Magu hadi Ukerewe, anazikausha kwenye kiwanja chake kando ya ziwa kule Magu, kisha anashona mikanda, viatu na hatamu za punda. Kwa hiyo Mzee wetu, kama anavyopenda kusema mwenyewe, aliwafahamu wanyama kwanza wakiwa wameshakuwa ngozi. Kituo kilipofunguliwa mwaka 1994 na kutangaza nafasi ya dereva, aliomba kwa sababu alikuwa na leseni mfukoni na mchumba aliyekuwa akisubiri mahari. Mambo ya kupenda punda hayakuwemo kabisa.

Yalimjia kazini. Aliajiriwa kuendesha gari tu, lakini haukupita muda akawa anashika mbwa wakali, anasafisha vidonda vya punda wa mikokoteni, anamshikilia maksai aliyevunjika pembe huku akimbembeleza kwa Kisukuma chake cha kuokoteza. Sisi Wasukuma tulikuwa tunacheka mpaka machozi yanatutoka. Maksai hakucheka. Alitulia.

Wazee wa kazi wanakumbuka mwaka ule umeme ulipokatika na chanjo ya kichaa cha mbwa ikawa hatarini kuharibika kwa joto. Mzee Muhidin alikwenda kwa wauza samaki, akaomba barafu, akapanda meli ya kwenda Nansio, Ukerewe, na boksi la chanjo mapajani kama amempakata mtoto. Chanjo ilifika salama, ila boksi zima lilinuka sangara. Mbwa wa Ukerewe hawakuhitaji kukamatwa mwaka huo. Walilifuata boksi wenyewe.

Wageni wa kituo hushangaa kuona ndoo ya udongo safi karibu na bomba letu. Ni yake. Mzee Muhidin ni Mwislamu wa swala tano, na kwa madhehebu yake, mate ya mbwa yakikugusa unaosha mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Miaka yote hii hajaacha kunawa na hajaacha kushika mbwa. Wapo waliomuuliza msikitini kwa nini asitafute kazi ya heshima zaidi. Aliwajibu kwamba dini imemfundisha namna ya kunawa, haijamfundisha kumpita mbwa anayekufa. Wasumbufu wake wakubwa, kwa kweli, walikuwa paka. Paka wa wodini walipoiona ile ndoo ya udongo laini walidhani kituo kimewajengea choo, wakakitumia kwa shukrani zote. Ndiyo maana siku hizi ndoo ina mfuniko, na juu ya mfuniko kuna jiwe.

Niseme na hili la mbuzi, kabla wageni hawajauliza supu iko wapi. Kamati ilinunua beberu mnene kwa ajili ya sherehe hii, ikamfunga nyuma ya stoo bila kumwambia mstaafu, ili iwe siri. Loo! Kumficha mbuzi kwenye hospitali ya wanyama! Mzee alimwona, akadhani ni mgonjwa aliyetelekezwa, akampa dawa ya minyoo, akamkata kwato, akampa jina la Bwana Harusi. Kamati ilipopata ujasiri wa kumweleza, beberu alikuwa anaitikia akiitwa. Nani angemshikia kisu? Leo tunakula sato, karibuni sana.

Sasa utani nauweka kando.

Mwaka jana mwenye kiwanja hiki cha Igombe alitutaarifu kwamba mkataba ukiisha anakihitaji mwenyewe. Ni haki yake. Lakini wafadhili wetu walikuwa wamepungua, na kila tulikokwenda kutafuta eneo, tukishataja mbwa, mazungumzo yanakatika palepale. Mkuu wetu wa kituo, Daktari Dorotea Shimba, alitukusanya akatuambia ukweli bila kuuzungusha: tusipopata mahali, kituo kinafungwa. Mbwa wangerudi mtaani. Punda vipofu na wazee, ambao hakuna anayewataka, wangechomwa sindano ya mwisho. Mzee Muhidin alitoka nje akaosha gari ambalo alikuwa ameshaliosha asubuhi.

Siku chache baadaye aliingia ofisini kwa Daktari akasema anataka kutoa kiwanja cha Magu. Kile kile cha marehemu baba yake, chenye maji karibu na majani ya kutosha. Ukiacha nyumba wanayoishi, hana ardhi nyingine duniani. Nilikuwa nimeshika vikombe vya chai, nikaviweka chini ili nisikie vizuri.

Kwanza alitaka kuandika wasia, kituo kikipate akishafariki. Sheikh wao alimweleza kwamba wasia kwa asiye mrithi hauvuki theluthi ya mali, na kiwanja kile kinavuka. Tena, akasema sheikh, punda hawawezi kukusubiri ufe. Kama nia ipo, kiweke wakfu ukiwa hai na akili zako timamu. Ila ajue kwamba tangu saa hiyo hakiuzwi, hakirithiwi wala hakirudi. Mzee alisema amekubali, lakini hatafanya hivyo kwa siri. Akaita kikao cha familia, na mimi na Daktari tukaalikwa.

Bi Moza, mkewe, aliridhia. Safia, binti yao mkubwa ambaye ni mwalimu kule Nansio, aliridhia pia. Ikabaki kwa Iqbal, mtoto wa kiume, anayeuza vifaa vya simu kwenye fremu ya kupanga Nyamagana. Iqbal aliomba ruhusa kwa wazee, ndipo akasema. Alisema amepanga chumba, amepanga fremu, ana watoto wawili, na miaka yote tumaini lake la kujenga lilikuwa Magu. Alisema kesho mjini watamcheka kwamba Mzee Muhidin kawanyima wanawe, kawarithisha mbwa wa mitaani. Hapo akafuta machozi kwa kiganja. Jamani, tuseme ukweli: kijana alikuwa na hoja. Mimi ni mzazi, namwelewa.

Baba yake hakumkemea. Alisema sadaka inayomliza mtoto imetoboka chini, haimfikii Mungu. Akasema hatakitoa kiwanja mpaka Iqbal mwenyewe akitoe moyoni, na asipokitoa, basi, atamwelewa na hatamnunia. Halafu akaomba chai iletwe. Hivyo tu! Maisha ya punda wetu wote yakaning'inia kwa Iqbal, na mkataba unakwisha. Tulirudi Igombe ndani ya gari kimya, hata mimi.

Wiki zilizofuata Mzee alifanya kazi kama kawaida, na alitukataza kabisa kumfuata kijana wake. Mimi nilikuwa nimeshaandaa maneno makali kweli. Nikayameza.

Ikafika siku ya chanjo ya mbwa. Siku hiyo uwanja wetu hujaa watu na mbwa wao, wengine wamefungwa kanga, wengine kamba ya manila, kelele tupu. Iqbal alipita kumletea baba yake simu aliyomtengenezea, hana mpango wa kukaa. Mama mmoja mchuuzi wa dagaa, Paskazia, akamtia kamba ya mbwa mkononi ili yeye amkimbilie mwingine aliyechomoka. Hakumjua. Kwake alikuwa kijana tu mwenye mikono miwili.

Aliporudi, wakiwa kwenye foleni, Paskazia akamweleza kwa nini kila mwaka huwa wa kwanza kufika. Mtoto wake wa kwanza aling'atwa na mbwa mwenye kichaa, enzi gari la chanjo lilipokuwa halijafika kijijini kwao. Alimweleza jinsi mtoto aliyezaliwa ziwani, anayeogelea tangu hajaota meno yote, alivyopiga kelele kwa hofu alipoletewa kikombe cha maji. Walimzika. Mwaka uliofuata gari likaja, na tangu hapo halijakosa, hata barabara ikikatika dereva anaacha gari na kutembea na boksi begani. Kijiji chao hakijazika mtoto mwingine kwa ugonjwa ule. Akamnyooshea kidole mzee aliyekuwa amechuchumaa katikati ya mbwa, akasema jina la ukoo wake halijui, ila kila akilala humtaja kwa Mungu kama dereva wa mbwa, na anaamini Mungu anamfahamu.

Iqbal hakusema kwamba yule ni baba yake. Foleni ilipita chini ya dirisha langu la mapokezi, na niliyaona na kuyasikia yote. Alibaki ameshika kamba ya mbwa yule, kisha akapokea ya mwingine, na ya mwingine, mpaka uwanja ukaisha watu. Jioni wakanawa pamoja bombani, baba na mwana. Ndipo Iqbal akamuuliza baba yake sheikh ana nafasi siku gani.

Tulikwenda Magu siku ya Jumamosi: familia, sheikh, majirani, Daktari na wafanyakazi wote tuliopata nafasi ndani ya magari. Nguzo za kukaushia ngozi bado zimesimama pale, na ua wa minyaa umezunguka pande zote hadi barabarani. Mzee Muhidin alisimama katikati akatamka kwa sauti iliyonyooka kwamba ardhi ile ameiweka wakfu kwa ajili ya Mungu, iwe mahali pa kutibiwa na kupumzika wanyama wasio na mtu, isiuzwe, isirithiwe, isitolewe zawadi. Akamtaja msimamizi wa wakfu huo kuwa mwanawe, Iqbal Muhidin. Iqbal alikuwa hajaambiwa. Aliinamisha kichwa.

Tulidhani yameisha, tukaanza kusogea kwenye vyakula. Kumbe Mzee anatoka. Alipita pengo la ua wa minyaa mpaka barabarani, na mimi nikafikiri anafuata kitu kwenye gari. Akageuka, akasimama nje ya ua, akapiga hodi.

Alipiga hodi kwenye ardhi aliyobebwa mgongoni akiwa mtoto, ardhi ya baba yake, ambayo dakika chache nyuma ilikuwa yake. Tulitazamana. Hakuna aliyejua aitikie nani. Akapiga hodi ya pili, kwa adabu ileile ya mgeni asiye na uhakika kama atapokelewa. Watu wote tukamgeukia Iqbal. Kila mtu hapa anajua kwamba hodi ni tatu, na ya tatu isipoitikiwa mgeni huondoka zake.

Mzee akapiga ya tatu.

Iqbal alijifuta uso kwa mkono wa shati. Akaitikia karibu, akairudia, karibu baba, akaenda mpaka kwenye pengo la ua, akamshika mkono, akamwingiza ndani. Bi Moza alikuwa analia wazi bila kuficha. Na mimi msiniulize.

Punda wameshahamia Magu, mbwa na paka wanamalizia wiki hii, na kituo hakijafungwa.

Mzee Muhidin, wenzako tunakushukuru. Tunakushukuru kwa barabara zote, kwa barafu yenye harufu ya samaki, kwa uvumilivu wako kwa wanyama na kwa wasemaji kama mimi. Toka utoto tunaimbiwa kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mimi nilikuwa naitikia tu, kama watu wanavyoitikia. Siku ile niliuona moyo wenyewe umesimama barabarani, unaomba ruhusa ya kuingia kwenye kitu ulichokitoa.

Mungu akupe uzee mrefu wenye afya na usingizi mtamu, wewe na Bi Moza, na akulindie wanao na wajukuu. Nenda ukapumzike, baba yetu. Hodi yako imeitikiwa.