Mama Léoncie wa Mabanga, Aliyefunga Paa Kabla ya Mvua

Karibuni, wasikilizaji wapendwa, ninyi wa hapa Goma na ninyi mnaotusikia kutoka Rutshuru. Sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mama mmoja, Léoncie Katungu. Alizaliwa Butembo. Alifariki hapa Goma, mtaani Mabanga, mwezi wa tatu mwaka huu. Aliuza maharagwe. Alikuwa mjane kwa sehemu kubwa ya maisha yake.

Alikuja Goma akiwa bibi arusi. Mumewe, Grégoire, alimjengea nyumba ya mbao juu ya mawe meusi ya volkano, kama nyumba nyingi za Mabanga. Mabati aliyapigilia misumari michache tu. Siku moja upepo ukavuma kutoka ziwani, na bati moja likaanza kuinuka. Grégoire akapanda juu ili alikandamize kwa mwili wake. Mkewe alimwita kutoka chini: «Papa Charline, shuka! Acha liende!»

Hakushuka. Upepo ulilichukua bati pamoja naye. Aliangukia mawe, hakuamka tena. Mtoto wao, Charline, alikuwa bado wa kubebwa mgongoni.

Tangu siku hiyo, wasikilizaji, Mama Léoncie hakungoja mvua imkute. Kila kiangazi aliazima ngazi, akapanda mwenyewe. Alipitisha waya juu ya mabati, akaufunga chini kwenye mawe mazito. Alizibua mtaro. Alikata matawi ya mparachichi yaliyoegemea nyumba. Na wingu likitanda tu, alifunga madirisha yote, hata kama joto linachoma.

Jirani yake, Mama Bibiche, alituambia: «Tulikuwa tunamucheka. Siku moja nikamuuliza, "Mama, vita iko mulangoni, na wewe uko unafunga mabati?" Akanijibu, "Vita siwezi kuifunga. Hii naweza."»

Charline alikua, akaolewa Kampala. Alimsihi mama yake amfuate. Mama akakataa: nani atafunga nyumba ya baba yako? Akabaki peke yake. Chumba cha mbele alikiacha kitupu, mikeka imeegemezwa ukutani. Alisema ni ya watu, siku upepo utakapokuja. Miaka ikapita. Hakuna mtu aliyelala pale.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, mchana kweupe, upepo ulikuja na mvua. Paa la Mama Bibiche liling’oka lote, likaanguka barabarani. Akatoka mbio na watoto wake. Mama Léoncie alikuwa amesimama mlangoni kwake, amelowa, anapaza sauti: «Ingieni! Ingieni wote! Hii nyumba haiendi!»

Familia tatu ziliingia. Mabati yalitetemeka, waya ukalia, watoto wakalia. Lakini paa halikuondoka.

Watu wale walikaa kwake wiki kadhaa, mpaka walipopata mabati mengine. Mama Bibiche anasema: «Wiki zile mama alikuwa anaimba. Mimi nimekaa naye ukuta kwa ukuta, sikuwa nimemusikia akiimba.» Alipika sombe, yale majani ya muhogo, kwenye sufuria kubwa ya harusi yake. Aliwasuka watoto nywele. Aliwagombeza kwa sababu ya ndala walizozitupa ovyo mlangoni. Kisha nyumba zikatengenezwa. Kila familia ikamshukuru, ikakunja mkeka, ikarudi kwao.

Charline alizungumza nasi kwa simu kutoka Kampala. Sikilizeni maneno yake: «Mama alinipigia, akaniambia, "Leo nimepika sombe ya watu wote. Nimesahau kama wamekwenda." Nikamwambia, basi pelekea Mama Bibiche. Akasema alishafika mpaka mulangoni kwao. Alisikia wanakula, wanacheka. Akarudi na sufuria yake.»

Habari hiyo Mama Bibiche hakuijua. Aliisikia siku ya msiba. Nilipomuuliza, alifuta uso kwa kitenge. Kisha akasema: «Angeingia tu. Kwa nini hakuingia?»

Mwezi wa tatu mwaka huu, homa ilimlaza Mama Léoncie. Hakumwambia mtu. Na hakuna mtu aliyemuuliza. Alasiri moja wingu zito likatanda juu ya Mabanga, mvua ikaanza kupiga, na Mama Bibiche akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Madirisha ya jirani yake yalikuwa wazi. Mbao zilikuwa zinajipigapiga ukutani, maji yanaingia ndani. Akakimbia. Alimkuta kitandani, ameshafariki.

Mama Bibiche alifunga madirisha. Alimfunika vizuri. Halafu akaketi kando yake mpaka mvua ikakatika. «Sikutaka abaki peke yake,» alisema. «Lakini nilikuwa nimechelewa.»

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Charline, mtoto wake wa pekee. Tunawapa pole jamaa wote wa Butembo, na majirani wa Mabanga. Mungu amlaze mahali pema mama yetu Léoncie Katungu.

Mvua bado zipo. Ongezeni misumari, kazeni waya, zibueni mitaro. Na jirani yako anayeishi peke yake, nenda kwake leo. Keti naye kidogo, hata kama huna la kusema. Usingoje paa lako liruke ndipo uujue mlango wake.