Glavu za Mazishi ya Seneta

Garimoshi lilikaribia Alder Falls. Lavinia, binti wa marehemu seneta, alikuwa nyuma ya shela yake akiwasikiliza wazee wawili waliomkabili.

"Ukitumiwa glavu nyeusi umeombwa kubeba jeneza, mzee mwenzangu. Haikataliwi."

"Bwawa la kiwanda chake lilizamisha shamba la baba," akajibu Enoch Tarbell, glavu zikiwa mapajani. "Kisha akaingia bunge la jimbo, akapitisha sheria ya kulihalalisha."

"Basi mbebe, uhakikishe amezikwa."

Enoch hakucheka. Lavinia naye alijizuia.

"Ni yeye aliyeniteua kabla ya kufa?"

"Nani mwingine angethubutu?"

Aliyethubutu ni Lavinia. Alishika shela aifunue, aseme, lakini garimoshi likasimama. Enoch akashuka na glavu mkononi, hajazivaa.