Wadih Shalhub, Mtunzi wa "Wachumba wa Ghorofa ya Tatu"

Wapendwa mliokuja kutufariji katika huzuni, kwa niaba ya familia, na kwa kinywa cha kaka yake Nazih, hii ndiyo safari ya ndugu yetu.

Marehemu Wadih Tannus Shalhub alizaliwa mjini Zahle tarehe 4 Aprili 1961, mtoto wa pili wa mwoka mikate Tannus na Mama Mantura, ambaye tunaye hapa, akasoma kwa watawa hadi 1979, akahitimu ufamasia Beirut mwaka 1986, na kwa miaka thelathini aliwauzia watu wa mtaa wa Ashrafieh mjini humo dawa za kikohozi mchana, jioni akiandika michezo ya kuigiza.

Mchezo wake mkubwa ulihusu wanaume wawili marafiki wanaopendana, ambao kila Jumapili mashangazi huwaletea wasichana wa kuposa, nao huwakaribisha kahawa na kuwatafutia waume wengine. Wakaguzi wa serikali waliusoma wote, wakagonga muhuri kila ukurasa, wakafuta sentensi moja tu, ile iliyowatania watu wa shirika la umeme, na mpaka leo tunastaajabu.

Onyesho la kwanza, tarehe 12 Februari 2009, ukoo ulijaza safu ya tatu ukidhani ni habari ya harusi. Ilipodhihirika nani anampenda nani, Mama Mantura akamgeukia dada yake, akasema kwa sauti ya sokoni, "We Najla, acha kuhangaika na posa, mtoto keshapata mtu wake!" Watu walicheka hadi waigizaji wakakaa chini kusubiri. Nazih alitoka nje, na kwa miaka kumi na mitano hakukanyaga kwa mdogo wake.

Kuhusu ndoa, Wadih hakuoa wala hakujaliwa watoto, bali tangu 1993 aliishi na Raif Bashur, mshonaji wa mavazi ya jukwaani. Machi 2024 aliugua saratani ya mapafu, Raif akamwogesha na kumlisha miezi minane. Nazih alipokwenda hatimaye, aliwakuta wakigombana juu ya chumvi ya supu, akaduwaa, maana yeye na mkewe hawajawahi hata kupatana kwa upendo kiasi kile. Wadih akamwambia, "Umechelewa, kaka, lakini kaa, kahawa bado ya moto." Alifariki tarehe 9 Novemba 2024, saa nne asubuhi.

Karatasi za tanzia zilizobandikwa jana mitaani zinataja hata binamu walioko Brazili, lakini jina la Raif halimo, na kosa hilo ni la Nazih aliyeziandika, si la mchapaji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika, na wasanii wenzake waliobeba jeneza.

Raif, uliyekaa benchi la nyuma kama mgeni, kaka wa marehemu anakuomba radhi mbele ya wote, njoo usimame kwenye mstari wa wafiwa, kati yake na mama, upewe pole wewe kwanza.

Wadih, sasa pumzika kwa amani, Raif tunaye.