Fulana Nyekundu ya Ziwa Kisiba

Mvua ya Tukuyu iliwabana wanaume watatu kwenye benchi la mtaa wa Msasani mjini hapo, chini ya bati la fundi viatu anayeuza na kahawa, na kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda, wakaanza kuisema serikali. Leo zamu ilikuwa ya kambi ya likizo ya watoto, inayofunguliwa kesho kando ya Ziwa Kisiba baada ya kucheleweshwa na ukaguzi. Lukasi ndiye aliyekuwa na hasira zaidi. Binti yake Ikupa alishafungasha begi tangu Jumapili, na kila siku alimuuliza baba yake kama kambi bado ipo.

— Eti watoto kucheza nako kunataka cheti, alianza Samson, waliyembatiza Profesa kwa sababu ya miwani yake yenye kioo kimoja.

— Cheti, choo cha wasichana, choo cha wavulana, sanduku la dawa, akasema Lukasi. Sisi tumekulia migombani, nani alitukagua?

— Nyoka, akajibu Profesa.

Wakacheka. Ezron, ambaye kijiwe kilimpa uwaziri kwa kujua kila kitu, akapuliza kahawa yake.

— Subirini mwakani. Watasajili kombolela. Mtoto akijificha bila kibali, faini.

— Halafu watalisajili ziwa, Profesa akadakia. Lilete cheti cha kuzaliwa.

— Na vyura wakapige picha za pasipoti, akamalizia Ezron.

Ndivyo walivyo wajuaji wa benchi lile: hakuna hata mmoja aliyesoma ukurasa wa hizo kanuni, lakini wote walijua zimeandikwa na mpumbavu. Lukasi alicheka mpaka akamwaga kahawa.

Ndipo Ezron akafungua koti. Ndani alivaa fulana nyekundu mpya, imeandikwa MWOKOAJI kifuani.

— Dawa yao ni hii. Mkaguzi alitaka kuona mtu wa kuokoa watoto majini. Mwenye kambi akanivalisha, nikasimama kando ya ziwa, nikakunja mikono, nikakaza uso. Akaisoma fulana, akagonga muhuri. Kesho naanza kazi.

— Ndaga fijo, Waziri, Lukasi akamshukuru, akamjazia kikombe. Bila wewe mwanangu angelia wiki nzima.

Wakati huo Aika, nesi aliyehamishiwa hapa kutoka Moshi, alijibanza chini ya bati kukwepa mvua. Aliagiza kahawa, akaisoma fulana ya Ezron.

— Hongera kwa kazi, kaka. Kwani unajua kuogelea?

Wote watatu walizaliwa karibu na ziwa lile, na wote walikatazwa na bibi zao hata kulisogelea, kwa hadithi za watu waliovutwa chini wasionekane tena. Hakuna aliyewahi kulowa zaidi ya vifundo vya miguu. Profesa alivua miwani, akaanza kufuta kile kioo kimoja.

Lukasi alimgeukia Ezron.

— Waziri, dada amekuuliza.

Ezron alifunga koti, kifungo kimoja kimoja, mpaka shingoni.

— Mkaguzi hakuniuliza hilo, akasema.

Lukasi aliweka kikombe chini, akatoka kwenye mvua bila kuaga. Nyumbani, Ikupa alikuwa ameketi mlangoni, begi mapajani, akamuuliza tena kama kambi bado ipo.