Mama Mabawa, Aliyetia Viraka Mashuka na Kuunga Ndege

Wapendwa waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake na nyote mliokuja kutushika mkono, familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mabawa, jina alilolikataa kwa mdomo tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa seremala na muuza mboga, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, kisha akajifunza ushonaji, na Januari 1970 akaajiriwa katika chumba cha ushonaji cha hospitali, ambako alitia viraka mashuka na kushona mapazia ya wodi hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2006, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwona bila sindano kwenye kola.

Tarehe 9 Desemba 1972 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa lori, mtu wa utani, ambaye mpaka leo husema alioa mke mmoja akaletewa wakwe wenye mabawa, na walijaliwa watoto watatu, binti mmoja na wavulana wawili, pamoja na wajukuu watano.

Habari ya ndege ilianza mwaka 1974, alipookota kinda la mwewe chini ya ukuta wa jiko la hospitali, bawa moja likining'inia, akambembeleza fundi wa hospitali anayefunga plasta za waliovunjika amwonyeshe namna ya kufunga mfupa, akalipeleka nyumbani, akalilea mapajani, akalipa jina na kulilisha kwa vidole vyake. Mwewe alipona, akaachiwa, na siku hiyohiyo akatua begani kwa mpita njia, maana alidhani kila mtu ni mama, na yule bwana kwa hofu akampiga fimbo, akafa. Dada alilia kama aliyefiwa, na kweli alikuwa amefiwa.

Tangu hapo akaweka sheria, kwamba ndege asipewe jina, asipapaswe, asisikie sauti ya mtu, na alishwe kwa koleo kutoka nyuma ya pazia, basi redio ikazimwa, watoto wakajifunza kucheka midomo imefungwa, na shemeji akirudi safari na njaa yake ilimbidi anong'one kuulizia chakula. Majirani waliolalamika kwamba bundi ataleta mkosi ndio haohao waliobisha hodi na maboksi yenye njiwa, mbayuwayu na korongo, naye hakumrudisha mtu, ingawa aliwapa maneno yao kwanza. Alikuwa akisema kwamba ndege aliyepona ni yule anayeondoka bila kugeuka nyuma.

Sheria hiyo, kwa bahati mbaya, haikuishia kwa ndege. Binti yake alipokwenda kusomea uuguzi mwaka 1993, na alipoolewa, na kila likizo ilipokwisha, mama yake alimpa mkono sebuleni, akaingia chumba cha cherehani na kufunga mlango, hakumsindikiza hata hadi getini, na binti akaondoka akiamini kwamba katika nyumba ile ndege walipendwa kuliko watoto. Kinyongo hicho kilidumu miaka mingi, na sisi ndugu tulikijua, tukakifumbia macho.

Oktoba 2024 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya tumbo, binti akaomba ruhusa kazini, akarudi kumuuguza, na akakuta ana wagonjwa wawili, kwa sababu chumba cha nyuma kulikuwa na bundi aliyegongwa na gari, na mama akiwa kitandani alimwelekeza kwa ishara jinsi ya kumfunga bawa, huku akimwomba Mungu bundi atangulie kuondoka kabla yake. Jumapili tarehe 4 Mei 2025, magharibi, binti alifungua boksi uani, mama akiangalia kutoka dirisha la chumba cha cherehani, na bundi akaruka, akavuka ukuta, akaenda moja kwa moja. Mama akapiga makofi kwa mikono iliyokwisha nguvu, kisha akamwambia binti yake kwamba kila binti alipoondoka yeye alikuwa palepale nyuma ya pazia, akimtazama hadi anapinda kona, na kwa kuwa binti hakugeuka hata mara moja, kila mara alimshukuru Mungu, halafu akakaa chini akalia. Walilia pamoja, kwa sauti, katika nyumba iliyokatazwa kelele kwa miaka hamsini.

Dada alifariki tarehe 21 Mei 2025, mikononi mwa binti huyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotupikia na kutuazima viti, na wenzake wa chumba cha ushonaji mliomshonea sanda kwa mikono yenu. Chumba cha nyuma bado yumo njiwa mmoja, kwa hiyo mkirudi nyumbani kuomboleza, lieni polepole.

Dada, leo sisi ndio tuko nyuma ya pazia. Nenda, wala usigeuke. Pumzika kwa amani.