Valentin Namegabe na Vyumba Viwili vya Intaneti vya Muyinga

Kila asubuhi, kabla ya kuwafungulia wateja, marehemu Valentin Namegabe aligeuza kompyuta zote ili migongo yake iangalie mlango, kisha akasukuma viti mpaka ukutani. Mtu akiketi pale, hakuna aliyeweza kupita nyuma yake. Akimaliza alitoka nje, akakaa barazani na kungoja aitwe.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Kabare, Kivu ya Kusini, mtoto wa tatu wa mzee Zihalirwa, fundi seremala, na mama Nabintu.

Alisoma shule ya msingi kwa mapadri, kisha akasomea umeme miaka miwili huko Bukavu. Ada ilipokosekana alirudi nyumbani kutengeneza redio. Alituambia kwamba redio ikiletwa imeharibika, kwanza muulize mwenyewe alikuwa anasikiliza nini.

Mwaka 1981 alivuka mpaka, akaja huku Gitega, akafungua kibanda karibu na soko. Hapo alimwona Elyse, binti wa kutoka Gishubi, aliyeleta redio ya baba yake, na baada ya wiki akairudisha, na tena. Marehemu alikuwa anaacha waya mmoja bila kuukaza. Mama anasema alijua tangu mara ya pili. Walifunga ndoa Gitega, tarehe 11 Agosti 1984.

Vita vilipoanza mwaka 1993 kibanda kiliibwa, na tuliishi miaka ya shida. Mwaka 2002 mfanyabiashara wa Muyinga, Bwana Hamissi, alimwita aendeshe chumba chake cha intaneti, cha kwanza pale mjini. Tukahamia.

Wateja wengi walikuwa na watu wao ng'ambo, Tanzania, waliokimbia. Wengi hawakujua kuandika kwa mashine, kwa hiyo marehemu aliwaandikia. Neno la siri walimwachia yeye, kama mtu anavyomwachia jirani ufunguo wa nyumba. Aliwasihi walibadilishe, wasimwambie hata yeye. Walicheka. Mama Kulthumu, muuza vitenge, alimjibu, "Nikibadilisha, nani atanikumbusha?" Mama huyo alitumiwa picha ya mjukuu wake kutoka Kigoma. Picha ilishuka polepole, nywele kwanza, kisha paji la uso, halafu umeme ukakatika. Marehemu aliomba radhi. Mama Kulthumu akasimama anafurahi. "Wacha, fundi. Paji hilo ni la kwetu. Nimemwona."

Lakini walikuja na wengine. Kulikuwa na bwana mmoja aliyelipia nusu saa, akaketi bila kugusa chochote, anaangalia nani anaingia. Marehemu alimsalimia vizuri na siku hiyo hakumwandikia mtu yeyote barua.

Mwanzoni mwa 2004 ilitangazwa kwamba komini, yaani serikali ya mji, nayo itafungua chumba chake cha intaneti, kwa bei ndogo, ndani ya ofisi, mlango ukitazamana na kituo cha polisi. Mkutano ukaitishwa. Nilikuwepo, nimekaa nyuma na mama. Watu waliangalia kwanza nani amekaa karibu na nani, ndipo wakazungumza. Bwana Hamissi alisema komini haina kazi na biashara ya intaneti. Kazi yake ni barabara na maji, na hayo maji yenyewe hayatoki. Wengine walisema bei yake yeye inawaumiza, tena alipogombana na watu wa serikali wanaokagua bei alifunga wiki nzima, na mji wote haukupata habari za ndugu zake.

Marehemu aliinuka mwisho. Alisema, "Hamissi akifunga, Muyinga yote inanyamaza. Komini ikibaki peke yake, Muyinga yote inasikilizwa. Viwe vyumba viwili. Anayemwogopa huyu aende kwa yule. Na kile cha komini kitoke pale mbele ya polisi."

Bwana Hamissi akamwuliza mbele ya wote, "We Valentin, unakula kwangu, unapika kwa komini?" Watu wakacheka. Marehemu hakucheka.

Tangu siku hiyo hakuaminiwa na upande wowote. Kwa Bwana Hamissi ilisemwa kwamba anawauza wateja. Komini ilifungua chumba palepale mbele ya polisi, ikamwomba awe anatengeneza mashine zao, na huko ilisemwa anaficha barua za waasi. Kisha mtu asiyetaja jina alikuja nyumbani, akauliza familia fulani inaandikiana na nani Tanzania, na neno lao la siri ni lipi. Marehemu alimpa chai. Neno hakumpa.

Kuhusu ugonjwa: karatasi tuliyopewa inasema homa ya ghafla, tarehe 17 Juni 2004. Asubuhi hiyo marehemu alikula bugali na mboga ya lengalenga, akaongeza. Aliletwa huku Gitega tumzike, ndani ya sanduku lililopigiliwa misumari, tukaambiwa tusifungue. Komini inasema haikumwita. Bwana Hamissi anasema hakumtuma. Wote wameleta maua, na tunawashukuru.

Ameacha mjane, mama Elyse. Watoto Namegabe mdogo na Raissa, niliyeandika haya. Na dada yake aliyeko Bukavu, ambaye barabara haikumruhusu kufika. Mungu amlaze mahali pasipo na wa kumhoji.

Nimeiweka mwisho asubuhi ile, kwa sababu kuna watu hapa wanaotaka kujua kama alitaja majina yao. Walikuja wanaume wawili, wakasema mashine ya komini imekufa, fundi anahitajika. Mmoja hakuvaa kama mtu wa ofisi. Mama alimvutia marehemu jikoni, akamwambia, "Baba Raissa, usiende. Hakuna mashine pale."

Akamjibu kwa sauti ya chini, "Mi najua. Ila nisipoenda, watazunguka kwa wenye barua, nyumba kwa nyumba. Wacha waniulize mi."

Halafu alinituma, kabla hajavaa viatu, nipite mlango wa nyuma niende kwa Mama Kulthumu na wengine, niwaambie barua zao zote amezifuta usiku, na maneno ya siri ameyabadilisha, hata yeye hayakumbuki tena. Niliporudi nilimkuta uani anafunga kamba za viatu. Aliniuliza kwa macho, nikaitikia kwa kichwa. Akawaambia wale wawili, "Haya, twende." Akatoka mbele yao, na hakurudi.